JIKONI KWETU: Keki ya mashanza, karoti na karanga



Vikundi kadhaa vimetuuliza kama ile keki ya jibini inayoonekana kwenye televisheni na kwenye simu, ile nyeupe inayokaa juu ya biskuti, inaweza kupikwa nyumbani mwetu bila tanuri ya umeme na bila jibini ya pakiti inayotoka Ulaya. Jibu letu ni ndiyo. Tumeipika kwenye mbabula, hapa Bukavu, na ilikwisha kabla ya chai kupoa. Lakini kabla ya kufika kwenye moto tuna maneno ya kusema juu ya maziwa na karanga. Keki hii ikiharibika kwenye moto, utakula keki mbaya tu. Ikiharibika kwenye maziwa au kwenye karanga, mtoto ndiye atakayelipa.

Sababu ya kuandika habari hii si ulafi, ingawa na ulafi upo kidogo. Msimu wa komunyo na ubatizo unapokaribia, tunaona mama akichukua zamu yake ya likelemba, pesa iliyongojewa miezi, na kuitia yote kwenye keki moja ya kununua: mkate mkavu uliofunikwa mafuta yenye rangi ya waridi, na jina la mtoto juu. Watoto wanalamba rangi, wanaacha mkate. Kesho yake hakuna ada ya shule. Hatumcheki mama huyo, maana anataka mtoto wake aheshimike kama watoto wa wengine. Tunasema tu kwamba heshima hiyo inaweza kupikwa nyumbani, kwa vitu tunavyouza wenyewe sokoni Kadutu na Nyawera kila siku: maziwa, karoti, karanga, mayai.

Na asije mtu akawaambia kwamba keki ya jibini ni kitu cha wazungu wenye friji. Mroma mmoja aitwaye Cato, aliyefariki mwaka 149 kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya kilimo, na ndani yake akaweka namna ya kupika keki ya jibini. Anasema twanga jibini kwenye kinu, changanya na unga wa ngano na yai moja, weka majani chini, kisha ipike polepole kwenye meko ya moto ukiwa umeifunika kwa chungu. Someni tena: kinu, majani, meko, chungu cha kufunikia. Mkewe Cato angeingia katika jiko la mama wa Kabare asingepotea. Tanuri yenye namba imekuja baadaye sana.

Sasa tuanze na maziwa.

Jibini inayotakiwa hapa ni ile mbichi, laini, isiyokaa siku nyingi. Fromaji ya Masisi, ile ngumu ya mviringo, ni nzuri sana kwa mkate lakini haifai kwa keki hii tamu. Ikipata moto inavutika kama mpira. Kitu chetu kilicho karibu zaidi na jibini ya keki ni mashanza. Ukiyachuja maji yake vizuri, yanabaki mazito, meupe, yenye uchachu mdogo, na uchachu huo ndio unaoifanya keki isichoshe ulimi.

Tatizo ni kwamba mashanza mengi ya sokoni yametoka kwenye maziwa ambayo hayakuchemshwa. Wazee wetu waliyanywa, ni kweli, na wengine waliishi sana. Lakini maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, na pia ugonjwa uitwao brusela, unaoleta homa ya kwenda na kurudi, maumivu ya viungo na uchovu usioisha, na ambao unaweza kumharibia mimba mama mjamzito. Kuganda na kuchacha hakuui vijidudu hivyo kwa uhakika. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima, mwenye ngozi inayong'aa, na maziwa yake yakawa na vijidudu. Msiangalie uso wa ng'ombe.

Basi fanyeni hivi. Ukinunua mashanza, yatie kwenye sufuria, weka moto mdogo, ukikoroga polepole mpaka yaanze kutokota. Utaona maji ya rangi ya njano-kijani yanajitenga na mabonge meupe. Usiogope, hayajaharibika, hicho ndicho tunachotaka. Mimina yote ndani ya kitambaa cheupe kilichochemshwa, kifunge, kitundike juu ya beseni kwa saa mbili au tatu. Kitenge kisitumike, rangi yake inatoka.

Asiye na mashanza achukue maziwa lita 4, ayachemshe mpaka yapande, ayaepue, kisha atie maji ya ndimu kidogo kidogo, karibu vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, akikoroga taratibu. Maziwa yakikatika na maji yake yakawa safi, aache kuongeza ndimu. Maziwa yaliyotiwa maji na muuzaji yatakatika vibaya, yatoe mabonge madogo kama mchele. Hapo ndipo utamjua muuzaji wako. Lita 4 za maziwa mazuri hutoa gramu 600 hadi 700 za jibini mbichi, na hiyo inatosha keki moja.

Karanga nazo tunazichukua kwa mikono mepesi kupita kiasi. Karanga iliyovunwa ikakaa mahali penye unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii haina harufu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka, ini lake linaumia, na inaweza kuleta kansa ya ini. Kwa hiyo karanga za keki hii, na za sombe pia, tununue nzima, si zile zilizokwisha kutwangwa. Kwenye unga wa karanga hujui kilichoingia kinuni. Ukifika nyumbani, zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga, uondoe kila iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyovunjika ikawa nyeusi ndani, iliyoota. Mama mmoja wa kikundi chetu alizoea kuzipa kuku zile mbaya. Hapana. Sumu hudhuru kuku pia. Zitupe. Na ukitafuna karanga ikawa chungu, iteme, wala usiimeze kwa aibu.

Jambo lingine: mtoto mdogo, aliye chini ya miaka mitano, asipewe karanga nzima wala vipande vikubwa. Inaweza kuingia kwenye njia ya pumzi. Kwa keki ya watoto twanga karanga zote mpaka ziwe laini, hata zile za juu za kupambia. Na kama unapika kwa ajili ya watoto wa watu wengine, waulize mama zao kwanza: wapo watoto ambao karanga kidogo tu inawavimbisha midomo na kuwakaba pumzi. Huyo asiguse keki hii hata kidogo.

Karoti haina maneno mengi. Zile nyembamba na changa ni tamu kuliko zile nene kama mkono, ambazo katikati yake ni kama mti. Kazi yake ndani ya keki ni mbili: kupunguza sukari, na kuongeza ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya mtoto. Vitamini hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa karoti imepikwa na kuliwa pamoja na mafuta, kwa hiyo jibini na karanga zinaisaidia. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari ilipogawiwa kwa kipimo, akina mama wa kule walitia karoti kwenye keki na pudini zao ili kupata utamu. Asiye na karoti atumie boga lililoiva vizuri, lile la rangi ya chungwa ndani. Lina maji mengi, basi likishachemshwa likamuliwe kwa kitambaa.

Vipimo ni hivi, kwa sufuria yenye upana wa sentimita 22 hivi. Ya chini: biskuti kavu gramu 200, karanga zilizokaangwa na kutwangwa gramu 100, siagi au margarini iliyoyeyushwa gramu 80. Ya juu: jibini mbichi gramu 600, sukari gramu 120, mayai 3, karoti gramu 250, unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, maziwa yaliyochemshwa nusu kikombe, maganda ya ndimu moja yaliyokwaruzwa, chumvi kidogo sana. Mwenye vanila atie. Asiye nayo asikope.

Karoti zikwaruzwe nyembamba, au zikatwe vipande vidogo, kisha uzipike na kijiko kimoja cha mafuta na maji kidogo mpaka zilainike na maji yaishe kabisa. Hapo wengi hufanya haraka. Karoti yenye maji inaifanya keki itoe jasho na kukatika. Ziponde kwa mwiko, uziache zipoe.

Ndani ya sufuria ya keki, tandika jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto mpaka likalainika, ncha zake zipande juu ya ukingo. Hii ni bora kuliko karatasi: keki haishiki, na ukitaka kuitoa unavuta ncha mbili tu. Twanga biskuti, changanya na karanga na siagi, shindilia chini ya sufuria kwa kitako cha kikombe mpaka iwe kama sakafu.

Jibini iliyochujwa huwa na chembe chembe. Ipitishe kwenye kichujio ukiisukuma kwa kijiko, au itwange kidogo kwenye kinu kilichooshwa vizuri (kinu cha pilipili hapana, mtajuta), ukitia maziwa taratibu mpaka iwe laini kama uji mzito. Ongeza sukari, karoti, unga, ndimu, chumvi. Mayai yaje mwisho, moja moja, na usipige sana. Ukiyapiga kama ya keki ya kawaida, unatia hewa. Keki itapanda kama mkate, halafu itaanguka na kupasuka. Bakuli likishamwagwa, lioshe mara moja. Watoto watalilia kulilamba, lakini lina yai bichi.

Moto sasa. Chukua sufuria kubwa yenye chini nene, weka ndani mawe matatu bapa au mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili, funika, iache ipate moto kwa dakika kumi. Mawe yawe makavu kabisa. Jiwe lililookotwa mtoni siku ileile linaweza kupasuka kwenye moto na kumjeruhi mtu. Teremsha sufuria ya keki juu ya mawe, isiguse ukuta wa ile kubwa. Funika, kisha panga makala yaliyowaka juu ya mfuniko, machache, yaliyotawanyika. Chini pia makala yawe machache, yaliyokwisha kufanya majivu. Weka kiganja chako juu ya mfuniko kwa mbali kidogo: ukishindwa kuhesabu polepole mpaka nane, moto ni mkali, ondoa makala mawili. Keki ya jibini haipendi kuharakishwa. Kwa moto mkali pembeni inakauka na katikati inabaki maji.

Usifunue kabla ya dakika 40. Kwa kawaida inachukua kati ya dakika 50 na saa moja na robo, kulingana na moto. Imeiva pale ukiitikisa sufuria kidogo, pembeni imeshika na katikati inatetemeka kama jeli, lakini haitiririki. Wenye tanuri ya umeme waiweke kwenye digrii 160, karibu dakika 50, na waombe Mungu umeme usikatike. Sisi tunaiamini mbabula.

Ikiiva, ondoa makala yote, juu na chini, funua mfuniko kidogo, uiache humo humo karibu saa moja. Ikitolewa ghafula kwenye baridi ya Bukavu inapasuka katikati. Ikipasuka, nyunyizia karanga zilizotwangwa juu ya ufa. Hakuna atakayejua.

Bila friji, keki hii ni ya siku moja. Ipike asubuhi, iliwe mchana ule ule, na kilichobaki kisilale. Hata hapa kwetu penye baridi, usiku mmoja mezani unatosha kuichachisha. Wale wanaotaka kuipika Jumamosi kwa ajili ya karamu ya Jumapili watafute jirani mwenye friji kwanza, ndipo wanunue maziwa.

Ipo pia ya chumvi, ambayo baadhi yetu tunaipenda kuliko ya sukari. Acha sukari na ndimu. Badala ya karoti peke yake, tia karoti nusu na lengalenga zilizochemshwa, zikakamuliwa mpaka mkono uchoke, na kitunguu kilichokaangwa. Hapa fromaji ya Masisi inaruhusiwa: kwaruza gramu 100, changanya na jibini mbichi gramu 500. Chini badala ya biskuti weka viazi vilivyopondwa pamoja na karanga. Kipande kimoja na saladi kinamshibisha mtu mzima mchana. Wanaume wanaosema hawali keki hula hii bila kuuliza jina lake.

Tuseme na jambo zito kidogo. Katika mkutano mmoja tulisikia mama akisema, kwa kuwa keki hii ina maziwa, mayai na karanga, basi itaponya bwaki. Haiponyi. Mtoto aliyevimba miguu, ambaye nywele zake zimebadilika rangi na kuwa nyembamba, ambaye amepoteza hamu ya kula na kucheza, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa kituo cha afya leo. Asipikiwe keki wala asilazimishwe kula vingi kwa mara moja. Mwili wake dhaifu hauwezi kubeba. Ana maziwa yake maalumu, na vipimo vyake vinajulikana na wauguzi. Kinachozuia bwaki ni yale yai na ile karanga iliyosafishwa inayoingia kwenye sahani ya mtoto wiki baada ya wiki, kabla hajaumwa. Na hapo tunaulizana wenyewe kwa wenyewe: mama mwenye kuku watano anayeuza mayai yote na kununua biskuti za mfukoni kwa watoto, anapata faida gani? Tunajua mayai hayo ndiyo chumvi, sabuni na kodi ya nyumba. Hatusemi asiuze. Tunasema katika kila mayai kumi mawili yabaki nyumbani, na mume ajue hivyo, asiyahesabu kama yamepotea.

Kwa vikundi vinavyofikiria kuuza: keki hii inakatwa vipande 12. Andikeni kila kitu kilichoingia, na makala pia, na ndimu, na nauli ya pikipiki kwenda sokoni, maana vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyokula faida ya akina mama. Jumlisheni, kisha mgawanye kwa 10, si kwa 12, kwa sababu vipande viwili mtavionjesha watu au havitauzwa. Hapo mnapata gharama ya kipande kimoja, na juu yake ndipo muweke faida yenu. Msianze na bei ya jirani halafu mkatafuta namna ya kuifikia. Na msipike keki mbili siku ya kwanza. Pikeni moja, ya oda, iliyolipwa nusu.

Yale maji ya njano yaliyotoka kwenye jibini msiyamwage. Yachemsheni, mpikie uji wa watoto, au mkandie unga wa mikate badala ya maji ya kawaida. Yakiwa na ndimu nyingi uji utachachuka kidogo, basi changanyeni nusu kwa nusu na maji. Na siku ya karamu, kabla ya kukata keki, kichovyeni kisu kwenye maji ya moto, mkifute, mkate, mkichovye tena kwa kila kipande. Vipande vitatoka safi kama vya dukani.